Wanaolifundisha Bega Kukaa Mahali Pake

Bega likiteguka uwanjani, sifa humwendea anayelirudisha. Tangu zama za Hippocrates wa Ugiriki, ambaye maandishi yake yanaeleza jinsi ya kuweka kisigino kwapani mwa majeruhi huku mkono ukivutwa, kazi hiyo haijakosa mashahidi wala shukrani za papo hapo. Sifa zangu mimi zinamwendea anayekuja baadaye: mtaalamu wa tiba ya mazoezi, ambaye kwa miezi kadhaa atahangaika ili jambo lile lisitokee tena. Akifaulu, hakuna atakayeona kitu.

Ugumu wa kazi yake unaanzia kwenye maumbile. Nyonga imezama ndani ya mfupa. Bega halikujaliwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekalia kishimo kidogo pembeni mwa kombe la mkono, mithili ya chungwa juu ya kisahani, na kwa wakati wowote ule ni robo hivi hadi theluthi tu ya kichwa hicho inayogusana na kishimo. Ndiyo maana tunaweza kujikuna mgongoni, kuanika nguo na kurusha jiwe. Uhuru huo una gharama yake. Kinachozuia kichwa kisiteleze ni ukingo wa gegedu, kano za mfuko wa kiungo, na misuli minne iliyolikumbatia bega, inayokibana kichwa katikati ya kishimo wakati misuli mikubwa inapovuta. Kano zikilegea, misuli hiyo hubeba jukumu kubwa zaidi. Heri yetu ni kwamba inafundishika.

Mtazame mtaalamu hodari siku za mwanzo. Mgonjwa wake, tuseme kijana wa kifua kipana aliyezoea kunyanyua vyuma, amekuja akitarajia uzito. Anaambiwa asimame wima na kuutenga mkono na ubavu kwa kiasi cha shubiri, basi. Mtaalamu ameweka vidole viwili kwenye ncha ya chini ya kombe la mkono, na mkono wenyewe wala hautazami. Kwa vidole hivyo anapata habari zote: kombe linapanda pamoja na mkono, au linaporomoka? Macho yako shingoni, isikakamae, na kifuani, pumzi isibanwe. Marudio yakianza kuharibika anasimamisha zoezi, hata kama kijana bado ana nguvu tele. Kwangu mimi, ustadi wenyewe uko hapo, katika kujizuia. Kuongeza uzito ni rahisi, na kijana angefurahi. Lakini bega likibebeshwa mzigo kabla kombe halijajua njia yake, linazoea kuteleza.

Huko Melbourne, mtaalamu wa tiba ya mazoezi Lyn Watson alijenga mpango mzima juu ya msimamo huo, kwa ajili ya mabega yanayolegea kila upande: kombe kwanza, mzigo baadaye, na mkono upande juu hatua kwa hatua. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 41, Watson mwenyewe akiwa miongoni mwa watafiti. Mpango wake ulilinganishwa na ule wa zamani wa daktari wa upasuaji Rockwood wa Texas, wenye mazoezi ya kuimarisha misuli, na waliomfuata Watson walipata nafuu zaidi. Ni kundi dogo, lakini nalichukulia kwa uzito.

Kisha unakuja mchezo wa kupendeza. Mgonjwa amelala chali, mkono umenyooka kuelekea darini, macho yamefumbwa. Mtaalamu anaugusa kifundo cha mkono kutoka kushoto, kutoka juu, kulia, bila mpangilio wala onyo. "Usinisukume," anasema, "nizuie tu." Misuli inajifunza kuwahi. Mgonjwa naye anaanza kuliamini bega lake, na hilo si dogo, kwa sababu aliyewahi kuteguka huogopa mkono ukienda juu na nyuma, kama wa mtu anayerusha jiwe. Hofu hiyo huonekana usoni kabla bega halijafanya lolote, na mtaalamu mzuri huipa muda wake kama anavyoupa msuli.

Ufundi huu unajua pia mpaka wake, na nauheshimu zaidi kwa hilo. Mwaka 1992 daktari Burkhead na Rockwood yuleyule walitoa taarifa ya mazoezi kwenye mabega 140. Miongoni mwa yaliyolegea bila ajali, asilimia 80 yalipata matokeo mazuri au mazuri sana. Miongoni mwa yaliyoumizwa na ajali, asilimia 16 tu. Ukingo uliong'oka, jeraha ambalo daktari wa upasuaji Bankart alilieleza mwaka 1923, haushonwi kwa mkanda wa mpira. Mtaalamu mkweli humwambia kijana hivyo mapema, humpeleka kwa daktari wa upasuaji, kisha humpokea tena, maana hata bega lililoshonwa linahitaji kufundishwa upya.

Mazoezi ya mwisho huchotwa kwenye maisha ya mgonjwa mwenyewe. Mvuvi ana wavu wa kurusha, kipa ana mipira ya juu. Kondakta anayesimama mlangoni mwa daladala huwezi kumwambia asiinue mkono, atakula nini? Anatengenezewa zoezi la kushika bomba juu ya kichwa huku akiyumbishwa huku na huku, taratibu kwanza, kisha kwa ghafla, mpaka bega lizoee breki za barabarani.