Maswali Matatu kwa Mama

Muulize mama, "Una watoto wangapi?" Atakujibu bila kusita: wanne. Jibu ni la kweli, ila halimfai mtafiti. Huenda hao wanne ni wale wanaolala ndani tu. Mkubwa anayesoma kwa shangazi yake hakuhesabiwa, wala yule aliyefariki kabla ya kutimiza siku arobaini. Na mama hakudanganya. Swali lenyewe ndilo lililomwelekeza huko: "una" ni kuwa na kitu mkononi, na aliyetangulia mbele ya haki hayumo tena mkononi mwake.

Mafundi wa takwimu za jamii walilijua tatizo hili zamani, wakalivunja swali hilo vipande vitatu. Watoto uliowazaa na unaoishi nao ni wangapi, wa kiume na wa kike? Wanaoishi kwingine? Na waliozaliwa hai kisha wakafariki? Mpangilio huu una adabu yake. Unaanza na walio uani, unapita kwa walio mbali, ndipo unafika makaburini. Wakati huo mama amekwisha kumzoea mgeni, na kifo kinatajwa kama sehemu ya hesabu, si kama tuhuma.

Mdadisi hodari hatosheki na "hakuna" ya kwanza. Anarudia kwa upole: hata aliyelia mara moja tu, akaishi saa chache? Kisha anajumlisha na kumsomea mama jumla: "Kwa hiyo uliwazaa saba, sivyo?" Hapo mama anapata nafasi ya kusema, hapana, ni wanane. Hata kuwatenganisha wavulana na wasichana kuna sababu. Wavulana wanaozaliwa huwazidi wasichana kidogo tu. Wasichana wakipungua mno kwenye fomu, fundi anajua kuna waliosahauliwa.

Aliyeyageuza majibu haya kuwa kipimo ni William Brass, Mskoti aliyefanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948 hadi 1955. Watoto wengi walizaliwa bila cheti na kuzikwa bila cheti, na wazazi wengi hawakuwa na tarehe za kumtajia mtu. Brass aligundua kwamba umri wa mama unaweza kushika nafasi ya tarehe hizo. Mama wa miaka 20 hadi 24 hajaanza kuzaa siku nyingi. Kwa hiyo, ukiwachukua wanawake wa umri huo kwa pamoja, sehemu ya watoto wao waliofariki inakaribiana na uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa wanawake wa miaka 30 hadi 34, inakaribiana na kufa kabla ya miaka 5. Linalobaki ni kuirekebisha namba kidogo, kulingana na umri ambao wanawake wa mahali hapo huanza kuzaa. Hakuna mama anayelazimika kukumbuka siku aliyozika.

Chombo kizuri humfaa na fundi mwingine. Mwaka 1979 John Caldwell, mtafiti wa Australia, alichapisha uchambuzi uliotegemea habari za wanawake Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Aliweka vifo vya watoto upande mmoja na elimu ya mama upande wa pili. Alijua atakavyopingwa: aliyesoma huolewa na mwenye nacho, basi kinachookoa mtoto ni fedha. Akawagawa upya kwa kazi ya baba, kisha kwa elimu ya baba. Tofauti ilibaki pale pale. Kwa maoni yake, shule ilikuwa imebadili nafasi ya mama nyumbani: aliweza kuamua mtoto apelekwe kwa daktari bila kusubiri neno la mume au la mama mkwe.

Kazi ya fundi hupimwa na mafundi wenzake. Mwaka 1998 Sonalde Desai na Soumya Alva walitazama nchi 22, wakalinganisha wanawake wa eneo moja, wakatia katika hesabu elimu ya mume, maji ya bomba na choo. Uhusiano wa elimu ya mama na vifo vya wachanga ulififia katika nchi nyingi. Kwenye chanjo ulisimama, nako ni katika karibu nusu ya nchi hizo. Caldwell hakuporomoka, ila swali lilinolewa: ni shule iliyomwokoa mtoto, au ni mtaa wenye maji na zahanati, ambamo ndimo waliosoma huishi?

Mabishano yote hayo yanaanzia mkekani, kwa mtu mwenye dodoso. Ndiyo maana nikimwona mdadisi kazini naiangalia kalamu yake inapofika swali la tatu. Aliye na haraka ameshaandika sufuri. Fundi hushusha sauti, huuliza, kisha hunyamaza mpaka mama aseme.