Ngoma Isiyo na Ngoma

Msomaji wa pwani akiambiwa kwamba Wakurya wa Mara wana ngoma ya litungu, sikio lake hutangulia kusikia mdundo. Kumbe litungu ni chombo cha nyuzi nane, chenye tumbo la mti lililowambwa ngozi, nacho hupigwa kwa vidole. Hata hivyo Musoma, Bunda na Butiama haionekani ajabu kusema "twende ngomani" hali kinachoongoza ni uzi.

Lugha yenyewe imeruhusu. Ngoma hupigwa, lakini pia huchezwa, tena hukesha. Isemwapo kuwa ngoma ya watoto haikeshi, hakitajwi kiwambo cha ngozi; kikeshacho ni mkutano wa watu. Kwa maana hiyo hata beni, pamoja na matarumbeta yake ya Kizungu, iliitwa ngoma. Vijana waitao wimbo mpya "ngoma kali" wamekwenda mbali zaidi: wameondoa watu, wakabakiza sauti ndani ya simu.

Ila pwani ilijiwekea mpaka. Taarabu, yenye udi, kanuni na fidla, haikukubali jina hilo. Tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoundwa Unguja mwaka 1905, taarabu imehesabiwa kuwa jambo la kuketi na kusikiliza. Kidumbaki, chenye fidla na nyimbo zilezile za taarabu, kikaachwa upande wa ngoma kwa kuwa watu huinuka wakacheza. Hoja ya kuketi ina ukweli wake, lakini haitoshi. Mpiga litungu naye huimba, husifu na kuonya, na maneno yake husikilizwa. Mbona yeye hakutolewa ngomani? Yakini neno hili hupima cheo kabla ya kupima chombo.

Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipohutubia Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao, akaitaja lelemama ya pwani sambamba na ngoma za bara. Nia ilikuwa kuinua. Lakini jozi ile ilizidi kukauka midomoni mwa watu: ngoma ikawa ya asili, muziki ukawa wa kileo, na litungu likabaki lilipowekwa.

Mwenye kufasiri nyimbo za Mara na auache mkutano uitwe ngoma. Chombo kina jina lake, na akipigaye ni mpiga litungu, kama vile yule wa Unguja alivyo mpiga udi.