Nne, mbili, moja: siri ya tofali la mbao

Chukua kipande cha mbao ya inchi 2 kwa 4, ile ile inayotumika kupaua nyumba nyingi za Moiben, Kenya. Kikate inchi 8. Urefu ni mara mbili ya upana, na upana ni mara mbili ya unene. Matofali ya mbao ya chekechea yamesimama juu ya uwiano huo kwa zaidi ya karne moja.

Friedrich Froebel alianza kutengeneza vifaa vyake vya kuchezea mwaka 1837, Bad Blankenburg, Ujerumani. Aliviita zawadi. Ya tatu ilikuwa mchemraba wa inchi 2 uliogawanywa vipande 8 vya inchi moja moja. Ya nne ilikuwa mchemraba huo huo, ila safari hii vipande 8 ni bapa: inchi 2, inchi 1, nusu inchi. Tayari nne, mbili, moja. Lakini vilikuwa vidogo, vya kuchezewa mezani kwa maelekezo ya mwalimu.

Caroline Pratt, mwalimu wa useremala aliyeanzisha shule New York mwaka 1914, alikuja na matofali makubwa zaidi, ya kuchezewa sakafuni. Tofali lake la msingi ni inchi 5½ kwa 2¾ kwa 1⅜. Piga hesabu: uwiano haukuguswa. Ndiyo maana mtoto asiyejua kuhesabu hugundua kwa mikono yake kwamba nusu mbili zinajaza pengo la zima moja.

Kenya, Taasisi ya Elimu ilianza mradi wa shule za awali mwaka 1971 ikishirikiana na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya awali, NACECE. Walimu walihimizwa kutengeneza vifaa kwa malighafi ya mahali walipo. Moiben, malighafi hiyo ni masalio ya sipresi.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Fundi niliyemtazama alipiga randa pande zote, kila upande ukapoteza inchi ⅛. Upana ukabaki 3¾, unene 1¾. Alipolaza matofali mawili moja juu ya jingine, yalifika inchi 3½. Lile lililosimama ubavu pembeni yake likayazidi kwa robo inchi. Kibao alichopitisha juu kama daraja kikainama. Robo inchi tu, na mtoto wa miaka minne angeamini mkono wake ndio wenye makosa! Fundi akarudisha randa kwenye upana hadi 3½, kisha akakata urefu inchi 7.

Mwalimu aliyeagiza matofali alitaka aondoke nayo siku hiyo hiyo. “Mwalimu, hii bado mbichi,” fundi akamwambia. Alikuwa sahihi. Mbao ikikauka husinyaa upana na unene, ilhali urefu hubaki karibu vilevile, kwa hiyo uwiano huvunjika wenyewe kabatini. Akazipanga mbao zilizobaki chini ya paa, vijiti katikati ili hewa ipite, zisubiri kiangazi cha Desemba hadi Februari kabla ya kupimwa.

Kwa yale machache yaliyotoka kwenye mbao kavu, alipiga msasa kingo, akalaza mawili, akasimamisha moja kando yake, akapitisha kidole juu ya kiungo. Kidole hakikukwaa.