Debe Tupu na Hadithi Zetu

Ndugu msomaji, hebu chukua hadithi fupi kumi za waandishi chipukizi wa hapa mjini, halafu uhesabu vitu vilivyomo. Utakuta bastola. Utakuta gari jeusi lenye vioo vya giza, glasi ya wiski yenye barafu, na simu inayoita usiku wa manane. Mwandishi mwenyewe anakaa Mbagala au Tandale, anaoga kwa maji ya ndoo, lakini shujaa wake hajawahi kushika ndoo tangu azaliwe. Sasa tujiulize: huyu shujaa anaishi mji gani?

Wapo watakaosema lawama ni za riwaya za upelelezi. Mimi sikubali. Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, alikuwa anaandika habari za jasusi, na bastola kwa jasusi ni kama jembe kwa mkulima. Ile bastola ina kazi. Kasoro ni yetu sisi tunaoichomoa kiunoni mwa Willy Gamba na kumpachika kijana wa Tandika asiye na nauli ya kwenda Posta. Kitu kikikosa kazi katika hadithi kinageuka pambo, na pambo likizidi msomaji anaanza kupiga miayo.

Kuna kundi la pili, na hili nalo lina kasoro zake. Hawa wanapenda vitu vya kale. Fungua hadithi yao, ukurasa wa kwanza tu kuna kinu, mbuzi ya kukunia nazi, chetezo, mkeka na mtungi, vyote vimepangwa ukutani kama vile mgeni anakuja kuvipiga picha. Hakuna anayekuna nazi. Hakuna aliyekatwa kidole na ile mbuzi. Vitu vya namna hiyo mahali pake ni Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa Kijitonyama mwaka 1967, na pale vinatunzwa vizuri kabisa. Riwaya haiwezi kuwa kabati la makumbusho. Katika riwaya kitu lazima kibebe, kimwagike, kivunjike, kiibwe, kikopwe kisirudishwe.

Nataka nitetee hoja moja tu katika makala hii: kitu cha kawaida, tukijua kimetoka wapi na kinafanya kazi gani, kinaweza kusukuma hadithi kuliko bastola. Na shahidi wangu ni debe.

Debe si la wahenga wa zama za mikuki. Neno lenyewe tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, ambako dabba ni kopo au kijaluba cha kutilia vitu. Na lile debe la bati la pembe nne lilikuja na mafuta ya taa. Kisima cha Edwin Drake kule Pennsylvania, Marekani, kilitoa mafuta mwaka 1859, na katika miongo iliyofuata mafuta ya taa yakawa yanasafirishwa baharini ndani ya masanduku ya mbao, kila sanduku na madebe mawili, kila debe galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakaungua kwenye taa, yakaisha. Debe likabaki.

Hapo ndipo watu wa pwani walipoonyesha ufundi wao. Debe lililoletwa kubeba mafuta likabebeshwa maji: mawili, moja kila ncha ya mti, mti begani, na huo ndio mzega wa muuza maji. Likapasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likaezekea nyumba za Waafrika hapa Dar es Salaam wakati wa ukoloni. Likakatwa likawa koroboi, likarudi kuchoma mafuta yaleyale yaliyolileta. Likawa kipimo cha mahindi, mchele na mkaa. Madebe sita yakawa gunia. Watoto wakaligeuza ngoma. Hakuna aliyeandaa semina ya kuwafundisha watu haya. Walitazama bati tupu wakaona nyumba.

Sasa twende kwenye lugha, maana sisi ndiyo kazi yetu. Wote tunaijua methali isemayo debe tupu haliachi kuvuma. Shuleni tunaikariri pamoja na methali nyingine, na tunaambiwa ni maneno ya wahenga. Sawa. Lakini piga hesabu. Kama debe hili lilikuja na mafuta ya taa, basi methali hii haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mafuta hayo. Huyo mhenga hakuwa mzee wa kale mwenye ndevu hadi magotini. Alikuwa mtu wa mjini, wa juzi tu, ambaye alikiona kitu kigeni kutoka ng'ambo jikoni kwake, akakipiga kwa kidole, akasikia mlio, akamkumbuka jirani yake mwenye domo. Basi, methali ikazaliwa.

Lilinganishe na haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha zamani zaidi. Pishi moja ni vibaba vinne. Kila zama ilipima nafaka kwa chombo chake, na kila chombo kilipata methali yake. Maana yake nini? Maana yake wahenga walikuwa waandishi wa kisasa wa wakati wao. Hawakungoja kitu kizeeke ndipo kistahili kuingia katika usemi. Ni sisi tunaoogopa.

Watu wa mitaani hawakuishia kwenye methali. Kutokana na debe wakapata kupiga debe, yaani kunadi kitu kwa makelele, na kutokana na kupiga debe wakapata mpigadebe wa kituoni. Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi hapa jijini mwaka 1983, daladala zikapata wito wa biashara: kijana anapiga bodi la gari kwa kiganja, anaita Mbagala, Mbagala, Mbagala, kooni kumekauka. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 ulipofika, wagombea nao wakapigiwa debe. Ona safari hiyo: kutoka kisima cha mafuta hadi jukwaa la siasa, na debe lenyewe halipo tena mkononi mwa mtu. Limebaki mdomoni.

Hata sokoni limebaki mdomoni. Muuza mahindi wa leo anapima kwa ndoo ya plastiki ya lita 20, na bado anaita debe. Wateja wadogo wanauziwa kwa kopo la rangi la lita 4, ambalo tunaliita sado, jina lililotoka kwenye rangi za Sadolin. Wenzetu Wakenya wana gorogoro, kopo la kilo 2. Rangi imepakwa ukutani kwa tajiri, kopo limeshuka sokoni kupima viazi vya maskini. Nani kati yetu ameandika habari hiyo?

Na hapa ndipo pana hadithi yenyewe, si pambo. Nendeni soko la Temeke Sterio mkamsikilize mteja akiigeuza sado na kuchungulia kitako.

“Dada, mbona sado yako imeingia ndani?”

“Mama, na mimi nimeinunua hivyohivyo. Nitakuongeza viwili.”

Kitako kilichobonyezwa kwa ndani kinapunguza viazi viwili au vitatu kila mara, na dada anavirudisha vilevile kwa jina la nyongeza. Mama anajua. Dada anajua kuwa mama anajua. Wote wawili wana watoto nyumbani. Maneno mawili tu yametoka, lakini ndani yake mna umaskini, ujanja, aibu na huruma. Mwandishi anayetaka mgogoro, na mgogoro ndio roho ya hadithi, ana haja gani ya kwenda kuazima bastola?

Kisha fuata vile viazi kinyumenyume hadi vilikotoka, tuseme Njombe. Huko vinafungwa kwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavuka mdomo na kushonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa, sheria inakataza, magari yanaendelea kushusha. Sasa tazama: kule juu mkulima anapunjwa kwa chombo kilichozidi, huku chini mlaji anapunjwa kwa chombo kilichopungua. Tofauti imekwenda kwa nani? Kati ya lumbesa na sado iliyobonyea kuna riwaya nzima, na mhalifu wake yupo, ila hana miwani ya giza.

Tena kitu kina tarehe, na tarehe ikikosewa msomaji wa mtaani anakucheka. Chukua mfuko wa rambo. Ule mfuko laini wa plastiki ulipata jina la shujaa wa sinema za Marekani kwa sababu ya picha iliyokuwa ubavuni mwake, na jina likaendelea hata kwenye mifuko isiyo na picha yoyote. Mamba wa filamu, mtu wa misuli na bunduki, huku kwetu akawa mbeba nyanya na dagaa! Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Kwa hiyo mhusika wako wa mwaka 1996 akitoka dukani bila rambo, hadithi imepwaya. Na mhusika wako wa mwaka 2021 akitembea nayo hadharani, ama umekosea, ama unamwandalia kesi. Kitu kidogo hivyo kinaweza kukutajia mwaka bila wewe kuandika mwaka.

Ndugu zangu wahakiki mtaniambia: fasihi ni dhamira nzito, ukombozi, utabaka, mapenzi na mauti, wewe unatuletea makopo. Nami nawauliza, utabaka unaonekana kwa macho gani kama si kwa makopo? Tumezoea kuchambua fani na maudhui kama vile ni vyumba viwili vyenye mlango uliofungwa. Kitu ndicho kinachopita katikati. Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, alikuwa na dhamira nzito kweli: wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Lakini ondoa mzigo mgongoni uone kama kuna kitu kitabaki. Bila mzigo hakuna kuli, na bila kuli hakuna mgomo.

Mtaniambia pia kwamba vitu vingine ni vya kuiga. Hilo nalo halinisumbui. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, tuliyemfahamu katika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960, ana kiko chake, na kila aliyesoma habari za Sherlock Holmes anajua kiko hicho kina ukoo Uingereza. Lakini Bwana Msa anakivuta kwa taratibu za Unguja, katikati ya mazungumzo ya Kiswahili kitamu, hadi kikawa chake. Debe nalo lilikuwa la mgeni. Kuazima si dhambi. Dhambi ni kuazima kitu na kukirudisha kama kilivyo, bila hata alama ya kidole chako.

Basi nashauri mwandishi chipukizi, kabla hajaweka kitu katika hadithi, akiulize maswali matatu. Umetoka wapi? Watu wamekugeuza nini? Nani anapata na nani anapunjwa kwa sababu yako? Kitu kikishindwa kujibu hata moja, kitoe nje. Kikijibu yote matatu, kipe nafasi, hata kama ni kopo.

Na kazi ipo. Dumu la njano la mafuta ya kula limechukua nafasi ya debe miaka mingi sasa. Linabeba maji juu ya mikokoteni kutoka Tandale hadi Mbagala, linapangwa foleni bombani badala ya mwenyewe, linakatwa shingo likawa beseni, linawekwa uani likapandwa mchicha. Kibaba kilipata methali yake, debe likapata yake. Dumu, pamoja na utumishi wote huo, sijaisikia bado yake. Wahenga wake ndio sisi, na tumekaa kimya tunaandika habari za wiski.