Kusajiliwa na Kuandikishwa: Tatizo la Istilahi za Makandarasi

Neno "usajili" limezoeleka mno katika ofisi zetu hata wafasiri hawalitilii shaka. Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda Bodi yenye kupima sifa za mwombaji, na kumpanga katika daraja. Kwa hiyo msomaji wetu aambiwapo kuwa mkandarasi "amesajiliwa", huelewa kwamba amepimwa.

Maana hiyo haivuki bahari. Huko Florida, Marekani, sura ya 489 ya sheria za jimbo inatenga makandarasi wa aina mbili. Mmoja amefaulu mtihani wa jimbo, naye aweza kujenga popote jimboni. Mwingine ametambuliwa na mji au kaunti, kisha jina lake likapelekwa jimboni. Mpaka wa kazi yake ni eneo lile lililomtambua. Huyu wa pili ndiye anayeitwa kwa neno la usajili. Wa kwanza huitwa kwa neno la cheti. Mfasiri akiandika "mkandarasi aliyesajiliwa" na "mkandarasi mwenye cheti", ameitii kamusi lakini amepindua daraja. Kwetu cheti hupewa hata aliyehudhuria semina ya siku mbili!

Pennsylvania hali ni ya hatari zaidi. Jimbo halina leseni ya jumla ya wajenzi. Makandarasi wa ukarabati wa nyumba hupeleka majina katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa sheria ya mwaka 2008, na kuonyesha bima. Ustadi wao haupimwi. (Mji wa Philadelphia una leseni yake wenyewe.) Mhamiaji asomaye Kiswahili, akiambiwa mkandarasi "amesajiliwa na serikali", atamkabidhi akiba yake kwa imani isiyo na msingi.

Twapendekeza "kuandikishwa" pale jina linapoingizwa orodhani tu, kama mpiga kura anavyojiandikisha. Kwa Florida, "mkandarasi wa jimbo zima" na "mkandarasi wa eneo" yatosha, ingawa si tafsiri ya neno kwa neno. Wapo watakaopinga kwamba vizazi na vifo navyo husajiliwa bila mtihani wowote. Ni kweli; lakini hakuna amkabidhiye mtoto mchanga paa la nyumba yake.