Midahalo ya Wanaotaka Uongozi: Tuipime kwa Mizani Gani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Kila unapokaribia uchaguzi katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, huulizwa na vijana wa madrasa, na mara nyingine na wazee wenzangu hapa Mabatini, kama yafaa Mwislamu kukaa kitako saa tatu mbele ya televisheni kuwasikiliza wanasiasa wakibishana. Wako wasemao kuwa huo ni upuuzi na kupoteza wakati. Wako wengine wasemao kuwa hiyo ndiyo shura yenyewe, na kwamba anayeshinda kwa maneno ndiye anayestahili kutawala. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamekosea njia. Basi na tuutazame mdahalo kama tunavyotazama kitabu au hotuba: tuone kilicho chema ndani yake, tuone kilichopungua, kisha tujue wajibu wetu.

MIZANI TULIYOACHIWA

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Alitaja sifa mbili tu: kwamba yeye ni mlinzi, tena ni mjuzi. Hakutaja kabila lake, wala uzuri wa sura yake, ingawa uzuri huo ulikuwa mashuhuri. Basi mizani ya kwanza ni hiyo: je, huyu anayetaka uongozi anajua? Na je, analinda?

Mizani ya pili tunaipata kwa Seyyidna Ali (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipompeleka Yemen kuwa kadhi, naye angali kijana, alimfundisha kuwa asikate hukumu mpaka amsikie mgomvi wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mpiga kura naye ni kadhi mdogo. Hukumu yake ni karatasi moja tu, lakini ni hukumu.

Na mizani ya tatu ni onyo. Katika hadithi ya Bibi Ummu Salama (r.a.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu aliwaambia waliomjia kwa mashitaka kwamba huenda mmoja wao akawa mfasaha zaidi wa hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa kwa yale yaliyosikiwa, na yeyote anayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume mwenyewe ameonya hivyo kuhusu ufasaha wa ulimi, sisi tunaodanganyika kwa suti na tabasamu tuseme nini?

MDAHALO WA NAIROBI, 2013

Mdahalo uliostahili zaidi kuitwa mdahalo, kwa majirani zetu wa Kenya, ni ule wa tarehe 11 Februari 2013, uliofanyika katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na wa pili wake wa tarehe 25 Februari mwaka huo huo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaogombea urais wa Kenya kusimama pamoja na kuulizwa mbele ya taifa zima. Walikuwa wanane: Uhuru Kenyatta, marehemu Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohamed Abduba Dida. Wawili hawa wa mwisho hawakuwa wamealikwa hapo awali, mpaka Muite alipokwenda mahakamani.

Jambo jema la kwanza ni kule kusimama tu. Watu wenye majumba, walinzi na misafara walisimama katika mstari mmoja na mwalimu wa shule, kila mmoja nyuma ya meza yake, wakakatizwa maneno wakati wao ulipokwisha. Katika nchi ambayo mkubwa huzungumza naye mdogo husikiliza, hilo lilikuwa somo kubwa.

Jambo jema la pili lilitokea katika mdahalo wa pili, walipofika kwenye suala la ardhi. Wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kuelezwa uzito wa suala hilo. Wako watu waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa Pwani wasione hati ya kiwanja walichokaa. Uhuru Kenyatta aliulizwa juu ya ardhi ya jamaa yake, naye akataja kiasi cha ekari 30,000 huko Taita-Taveta. Tazama jinsi swali lilivyo na nguvu likiulizwa sawasawa! Hotuba mia za kampeni zisingetoa nambari hiyo. Hili latukumbusha hoja ya Nabii Ibrahim (a.s.) na yule mfalme. Mfalme alipocheza na maneno akadai kuwa yeye naye anahuisha na kufisha, Ibrahim hakumfuata katika mchezo huo. Alimwuliza jambo lisilo na kona: alilete jua kutoka magharibi. Mfalme akabaki hana la kusema. Mwulizaji mzuri ndivyo anavyofanya, haulizi «utawasaidiaje wananchi?», kwani hilo kila mtu hulijibu kwa ndoto. Huuliza: una kiasi gani, umekipata wapi, na utafanya nini nacho?

Lakini yalikuwepo mapungufu, nayo si madogo.

La kwanza ni wakati. Watu wanane kwa saa tatu. Ukigawa, kila mmoja hapati hata nusu saa, na ukitoa maswali na makatizo zabaki dakika chache. Katika dakika hizo ataeleza elimu, hospitali, usalama, ukabila na uchumi? Mja hawezi. Huishia kusema maneno yanayonata, na yanayonata si lazima yawe ya kweli.

La pili ni kicheko. Wakati huo Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wameshitakiwa The Hague kwa ajili ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliua watu zaidi ya 1,100. (Baadaye mashitaka ya Kenyatta yaliondolewa mwaka 2014, na kesi ya Ruto ikavunjwa mwaka 2016.) Katika mdahalo Raila Odinga alisema kwa mzaha kuwa nchi haiwezi kuendeshwa kwa Skype kutoka The Hague. Watu wakacheka. Neno hilo likawa maarufu, likarudiwa hata katika baraza zetu huku ng'ambo ya pili ya ziwa. Ndugu yangu, jambo lenye makaburi zaidi ya elfu ndani yake liliingia masikioni mwetu kwa kicheko! Hatumlaumu msemaji peke yake. Tunajilaumu sisi wasikilizaji, kwa kuwa mzaha tuliubeba nyumbani na wafu tukawaacha njiani.

La tatu ni lugha. Mdahalo ule uliendeshwa kwa Kiingereza. Mama wa Lamu, mvuvi wa Vanga, mkulima wa Kilifi, hao wote walikuwa wapiga kura kamili, kila mmoja ana kura moja sawa na profesa wa Nairobi. Lakini walikalishwa kama wageni katika harusi ya binti yao wenyewe. Kiswahili ni lugha ya taifa ya Kenya, na katiba yao ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanaotaka kura huziomba kwa Kiswahili sokoni, kisha wakiulizwa hesabu hujibu kwa Kiingereza. Hilo si jambo dogo la mapambo. Amana haiwi amana ikiwa mwenye mali haelewi masharti yake.

La nne lamhusu Mwalimu Mohamed Abduba Dida. Yeye hakuwa waziri wala tajiri, alikuwa mwalimu. Kabla ya mdahalo wachache mno walimjua. Baada yake akajulikana nchi nzima, na kura zilipohesabiwa baada ya tarehe 4 Machi alipata zaidi ya 52,000, akamzidi Martha Karua aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Hapa twajifunza mambo mawili. Mdahalo waweza kumtoa mtu gizani kwa siku moja. Lakini mshindi alikuwa yule yule mwenye jina, chama na fedha, na wa pili wake vivyo hivyo. Basi asitokee mtu akatuambia kuwa mdahalo peke yake huchagua. Mdahalo huonyesha tu; kuchagua ni kazi ya nyoyo, na nyoyo zetu aghalabu huwa zimekwisha funga mlango kwa kufuli la ukabila.

KITI KITUPU

Tarehe 24 Julai 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, kwani Uhuru Kenyatta hakuja. Tarehe 26 Julai 2022 mambo yakageuka: William Ruto alisimama peke yake, na safari hii asiyekuja alikuwa Raila, ambaye upande wake ulisema hawezi kushiriki jukwaa na mtu asiyejali maadili. Mtu yule yule alikuwa shahidi mwaka mmoja, akawa mtoro mwaka mwingine. Aliyekosa kuja mwaka 2017 alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi huo tarehe 1 Septemba. Aliyekuja mwaka 2022 naye alitangazwa mshindi. Kwa hiyo kiti kitupu hakimwadhibu mtu wala hakimzawadii. Anayeadhibiwa ni mpiga kura, ambaye hulazimika kuhukumu akiwa amemsikia mgomvi mmoja, kinyume cha lile alilofundishwa Seyyidna Ali.

Hatumfananishi mtu yeyote na Firauni, Mungu atulinde. Lakini yafaa tukumbuke kwamba Nabii Musa (a.s.) alipotaka hoja ziwekwe hadharani, siku ya sikukuu, watu wakusanywe jua likiwa juu, hata Firauni pamoja na kibri chake alihudhuria.

Na katika kisa hicho kuna jambo jingine lililo kubwa zaidi. Wale wachawi walioletwa kumshinda Musa, walipoiona haki waliikiri palepale, mbele ya umati, na mbele ya bwana wao aliyewatishia kuwakata mikono na miguu. Hilo ndilo tunda la mdahalo wa kweli: mtu kukubali kuwa mwenzake amesema kweli. Wewe uliyetazama midahalo ya siku hizi, ni mara ngapi umemsikia mgombea akisema, «Hapo mwenzangu amenizidi, nami nikipata kazi hii nitalifuata shauri lake»? Ni nadra mno. Mdahalo usio na uwezekano wa kukiri ni ngoma. Kila mmoja hucheza wimbo wake, na watazamaji hupiga makofi kwa aliyewavutia.

NA KWETU TANZANIA

Huku kwetu tulianza vizuri. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporudishwa, wagombea wote wanne wa urais, Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja Dar es Salaam wakajibu maswali, na nchi haikupasuka. Tangu hapo hatukumwona tena mgombea urais wa chama kinachotawala akisimama na wapinzani wake katika mdahalo wa namna hiyo. Tuliambiwa kuwa mikutano ya hadhara yatosha. Mkutano wa hadhara una heshima yake, lakini ni mgomvi mmoja anayezungumza na wapenzi wake, na aghalabu huwa na muziki mwingi kuliko maneno.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Karatasi ya kura ya urais wa Muungano haikuwa na mgombea wa CHADEMA wala wa ACT-Wazalendo. Siku ile na zilizofuata zilitoka vurugu, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwanza nayo haikusalimika. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awape subira wazazi wao. Hatusemi kwamba mdahalo mmoja ungeyazuia hayo yote. Kusema hivyo ni kuwadanganya wafiwa. Tunasema tu kwamba watu wanaobishana kwa maneno wangali wanazungumza, na penye mazungumzo yako matumaini. Ulimi ukifungwa, mkono hutafuta kazi.

NASAHA

Basi yatupasa nini? Kwanza, mdahalo ukiwepo tuusikilize, tena na watoto wetu, kwa kuwa kusikiliza pande mbili ni adabu ya dini kabla ya kuwa desturi ya siasa. Pili, tusimpe mtu kura kwa sababu ametuchekesha, wala tusimnyime kwa sababu ana kigugumizi; Nabii Musa mwenyewe alimwomba Mola wake amsaidie kwa nduguye Harun, aliyekuwa fasaha zaidi kuliko yeye. Tatu, tudai midahalo iwe kwa Kiswahili, iwe na watu wachache kwa zamu, na maswali ya nambari na hesabu.

Nne, na hili ndilo kubwa, tujue mpaka wa mdahalo. Katika zile sifa mbili za Nabii Yusuf, ujuzi waweza kuonekana katika saa tatu. Ulinzi hauonekani. Uaminifu wa mtu huulizwa kwa majirani zake, kwa waliofanya naye kazi, kwa kisima alichoahidi kuchimba mwaka ule, na kwa mali aliyoingia nayo na aliyotoka nayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na ninyi mnaotaka vyeo, kumbukeni kuwa Mtume (s.a.w.) alimwonya Abu Dharr, naye ni miongoni mwa wakweli wa umma huu, kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatimiza yaliyo juu yake. Siku hiyo maswali yataulizwa, na hapatakuwa na kiti kitupu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wajuzi na walinzi, nasi atujaalie kuwa raia wenye kusikia kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.