Msamaha wa Rais na Haki ya Aliyedhulumiwa

Sisi wa huku Ngara na Biharamulo tuna sababu mbili za kulizungumza suala la msamaha wa mtawala.

Ya kwanza imetoka ng'ambo ya daraja la Rusumo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa kambi ya Benaco, Ngara, miongoni mwao alikuwemo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mtawala wa eneo la Rusumo. Tarehe 17 Juni 2004 Mahakama ya Kimataifa kule Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na ubakaji. Alipewa miaka 30, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya kifungo cha maisha.

Ya pili ni ya nyumbani. Siku nane tu baada ya hukumu hiyo, mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimfunga maisha mwanamuziki Nguza Viking (Babu Seya) pamoja na wanawe watatu kwa kunajisi watoto wa shule ya msingi. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliwaachia wana wawili, ikambakiza baba na mwanawe Johnson. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais John Magufuli, ambaye kura za Biharamulo Mashariki ndizo zilizomwingiza Bungeni mwaka 1995, akawasamehe wote wawili, na uwanja ukashangilia.

Mfungwa wa Arusha hasamehewi na serikali peke yake. Ibara ya 27 ya sheria ya mahakama ile ilitaka Rais wa mahakama ashauriane na majaji, na kipimo kiwe ni maslahi ya haki. Ibara ya 45 ya Katiba yetu inamruhusu Rais kumsamehe yeyote, kwa kosa lolote. Aliyedhulumiwa hatajwi humo. (Kusema kweli, hata ile ya Arusha haikumtaja.)

Fuqahaa wamelipambanua jambo hili zamani. Hadi ikishafika kwa hakimu na kuthibiti haina shufaa, Usama bin Zayd (r.a.) alipomwombea mwanamke wa Makhzum aliyeiba, Mtume (s.a.w.) alimkemea. Katika taazir, Al-Mawardi anampa imamu nafasi ya kusamehe, lakini haki ya mwanadamu iliyomo ndani yake haianguki kwa msamaha wa imamu. Na katika damu, Suratul Israa aya ya 33 imempa mamlaka walii wa aliyeuawa.

Hebu tumtazame Sayyidna Uthman (r.a.). Ubaydullah, mwana wa Umar (r.a.), alimuua Hurmuzan kwa hasira za kuuliwa baba yake. Katika riwaya mashuhuri, Uthman alisema Hurmuzan hana walii, hivyo yeye khalifa ndiye waliye. Akaacha kisasi, akalipa diya kwa mali yake mwenyewe. Ali (r.a.) hakuridhika. At-Tabari ana riwaya nyingine, kwamba mtoto wa Hurmuzan alikabidhiwa muuaji, naye akasamehe. Riwaya zinapingana, lakini katika zote mbili swali la kwanza lilikuwa: walii ni nani?

Wako wanaosema Babu Seya hakutenda. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo iko Arusha, iliona haki yao ya kujitetea ilivunjwa, ikiwemo kunyimwa maelezo ya mashahidi. Lakini basi dawa ya kesi mbovu ni kuisikiliza upya kesi. Msamaha hauondoi hatia. Kama hawakutenda, wametoka gerezani na jina la ubakaji bado liko juu yao; kama walitenda, haki ya watoto imetolewa na asiyeimiliki. Watoto wale mwaka 2017 walikuwa wameshakua, wangeweza kuulizwa.

Ibara hiyo hiyo ya 45 inaliruhusu Bunge kuweka utaratibu wa kufuatwa na Rais. Basi maimamu wetu wanapokaa na wabunge wa Ngara na Biharamulo, walitaje hili: kabla Rais hajatia saini, aliyedhulumiwa au walii wake asikilizwe, na jibu lake liandikwe.